Altezza: tunaisifia mbio, kumbe sifa yake ni kona

Kwenye kijiwe chochote cha Bukoba, iwe Buhembe, Kashai au Rwamishenye, ubishi wa magari hauchukui dakika tano kabla Altezza haijatajwa. Mmoja atasema ile gari inakimbia, acha kabisa. Mwingine atajibu kwamba Mark X inaiacha kama imesimama. Wa tatu, shabiki wa Subaru, atacheka tu. Ndugu msomaji, wote watatu wanabishania kitu kimoja, mbio, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Altezza ni gari ya wastani kwa mbio na nzuri sana kwa kona. Sisi tunaisifia kwa kile isicho nacho, halafu kile ilicho nacho tunakwenda kukiharibu gereji. Twende na namba.

Gari yenyewe

Toyota waliizindua Japani mwaka 1998, mhandisi mkuu akiwa Nobuaki Katayama, na ikachukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Japani ya 1998-1999. Ulaya iliuzwa kwa jina la Lexus IS200, na Marekani iliuzwa kama IS300 yenye injini ya lita 3. Mpinzani aliyelengwa alijulikana: BMW 3 Series. Ndiyo maana Altezza ni fupi, injini iko mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, na mita za kwenye dashibodi zimepangwa kama uso wa saa ya mkononi.

Ziko za aina mbili. AS200 ina injini ya 1G, silinda 6, lita 2, nguvu farasi 160 hivi. RS200 ina injini ya 3S, silinda 4, lita 2 vilevile, lakini ya gia za mkono inafika farasi 210.

Swali ni kwamba hizo 210 zinapatikana wapi. Zinapatikana kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Yaani ili uzione lazima uifinye injini mpaka ipige kelele, jambo ambalo huwezi kulifanya mitaa yetu, ambako kikomo cha sheria kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa na bodaboda zimejaa kila upande.

Kimo chetu kinakula farasi

Halafu kuna jambo ambalo wachambuzi wa magari hawalisemi, kwa sababu wengi wao hawaishi huku. Ziwa Victoria lenyewe liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu. Hewa ikipungua, oksijeni inapungua, na petroli inayoweza kuungua nayo inapungua. Kwa hiyo farasi 160 za AS200 hapa Bukoba ni kama 144. Panda mpaka uwanda wa Kamachumu, wengine wachache wanabaki njiani.

Sasa tuilinganishe na wenzake. Mark X ya 2004 yenye injini ya lita 2.5 ina farasi 215 na uzito wa kilo 1,500 hivi. AS200 ina kilo 1,350 hivi. Ukigawanya, Mark X inapata farasi 143 kwa kila tani, AS200 inapata 119. Kimo kinaziumiza zote mbili sawasawa, kwa hiyo kwenye barabara iliyonyooka Mark X inashinda, na jamaa wa kijiweni alikuwa sahihi.

Subaru Impreza WRX ina turbo inayosukuma hewa ndani kwa nguvu, hivyo kimo kinaiumiza kidogo kuliko hizo nyingine. Tena tairi zote nne zinasukuma, na kwenye tope la masika faida hiyo unaiona kwa macho. Lakini shika hili: kila gari ina breki kwenye tairi nne. Kusukuma kwa tairi nne kunakusaidia kuondoka, hakukusaidii kusimama.

Kona haiulizi una farasi wangapi

Chukua kona yenye nusukipenyo cha mita 50, ya kawaida tu kwenye barabara zetu za vilima. Spidi ya juu kabisa ambayo gari inaweza kuipita bila kuteleza ni kipeuo cha pili cha namba tatu zilizozidishwa: msuguano wa tairi na lami, nguvu ya mvutano wa dunia (9.81), na nusukipenyo cha kona. Tafuta farasi humo. Hawamo. Hata uzito wa gari haumo.

Tairi nzuri kwenye lami kavu ina msuguano wa karibu 0.8, na unapata kilomita 71 kwa saa. Lami ikilowa, tuseme 0.5, unapata 56. Tairi kipara kwenye lami iliyolowa, tuseme 0.3, unapata 44. Kona ileile, gari ileile.

Kazi ya mhandisi ni kuhakikisha tairi inaikalia lami vizuri ili msuguano huo upatikane wote, na hapa ndipo Altezza inapostahili heshima yake. Kila tairi, mbele na nyuma, imeshikwa na amu mbili, moja juu na moja chini. Bodi ikilala kwenye kona, amu hizo zinaisaidia tairi ibaki imesimama, uso wake wote ukiwa chini. Gari nyingi za bei ya chini zina amu moja tu ya chini mbele, na shokapu inafanya kazi ya kushikilia pia. Mark X nayo ina amu mbili mbele, ila ni nzito na ndefu zaidi: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,850, Altezza 2,670. Gari fupi na nyepesi inageuka haraka unapozungusha usukani.

Na BMW? Ile 3 Series ya wakati huo, E46, mbele ilitumia amu za chini na shokapu, mpangilio ambao kwenye karatasi ni wa kawaida. Hata hivyo uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na imepangwa kwa umakini kiasi kwamba ndiyo iliyobaki kipimo cha wengine. Ile 320i ya lita 2.2 yenye farasi 170 inavuta vizuri kuliko AS200 ukiwa mizunguko ya chini. Kwa uendeshaji mtupu, mimi naiweka BMW mbele kidogo. Ila BMW ina bushi na boljointi zinazochoka kama za gari nyingine yoyote, na kupata za Toyota ni rahisi zaidi. Gari isiyo na bushi nzima haina sifa ya kona tena, iwe na nembo gani.

Tunavyoiua

Altezza kwa Kiitaliano ni kimo, na pia ni utukufu. Kimo chenyewe haina: tumbo lake liko chini ya sentimita 15 kutoka ardhini. Ukiongeza kiti cha nyuma kilichobana na unywaji wa petroli usiolingana na mwendo wake, una lawama tatu za haki kabisa.

Pamoja na hayo, wapo vijana wanaoishusha zaidi kwa kukata springi. Springi yenye mizunguko 6 ukiikata mmoja, inabaki na 5, na ugumu wake unapanda kwa asilimia 20. Juu ya hapo umeipunguzia nafasi ya kucheza. Ikikuta shimo, inagonga mwisho na tairi inaruka. Tairi iliyo hewani ina msuguano sifuri. Zile amu mbili ulizozilipia zimekwisha kazi.

La pili ni tairi mtumba ambazo kashata zimeisha. Kashata ndizo zinazoyatoa maji chini ya tairi, na Bukoba inapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Ukiwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu na tairi nzima, unahitaji mita 31 kusimama. Lami iliyolowa, mita 50. Iliyolowa na tairi kipara, mita 84. Na hapo sijaweka ile sekunde moja ya kushtuka, ambayo ni mita 22 nyingine. Barabara ya kwenda Muleba inapita katikati ya vijiji, watoto wanavuka kwenda shule, mama anavuka na mkungu wa ndizi kichwani. Tofauti ya 50 na 84 ni mita 34. Humo ndimo anamovuka mtu.

Kwa hiyo, mdau unayekusanya hela ya Altezza, hukumu yangu ni hii. Ukitaka mbio, chukua Mark X. Ukitaka kwenda vijijini msimu wa mvua, chukua Subaru na ujipange kwa mafuta. Ukitaka gari inayokutii kwenye kona, Altezza bado ni ununuzi mzuri, na AS200 inatosha kabisa. Kabla hujaulizia injini, lala chini uangalie springi kama zimekatwa, tikisa tairi usikilize boljointi, angalia bushi za amu zote, kisha tenga hela ya tairi nne mpya na alaimenti. Ikibaki chenji, ndipo tuongee habari za farasi.