Kanisa katika Riwaya: Austen na Kezilahabi

Katika kufundisha fasihi linganishi tumekutana mara kwa mara na dai kwamba riwaya za Jane Austen ni za Kikristo kwa kuwa zimejaa makasisi, ilhali Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi inaishambulia dini. Kwa maoni yetu, matini zenyewe hazikubaliani na dai hilo.

Ni kweli kwamba Austen, binti wa kasisi wa Kianglikana, aliwafahamu vizuri watu hao. Lakini katika Uingereza ya wakati wake parokia ilikuwa pia riziki: nyumba, shamba na fungu la kumi, na mara nyingi haki ya kumteua kasisi ilikuwa mikononi mwa mwenye ardhi. Ndiyo maana Bwana Collins, katika Pride and Prejudice (1813), humnyenyekea Lady Catherine kuliko (tuseme wazi) anavyomnyenyekea Mola wake. Katika Mansfield Park (1814) tunaonyeshwa kikanisa cha jumba la Sotherton ambamo sala za kila siku zimeachwa. Fanny anasikitika, Mary Crawford anafanya mzaha. Swali ni zito, ila Austen huliuliza kwa sauti ya chini na wasomaji wengi hulipita.

Kezilahabi, aliyepata kusoma seminari ya Nyegezi, hanong'oni. Jina la mhusika wake ni sifa ya Bikira Maria katika litania. Shule anayopelekwa inaitwa Rosary. Msomaji wa hapa Rusizi, ambako misheni ya Mibirizi ilianzishwa mwaka 1903, hahitaji kufafanuliwa majina hayo. Utakatifu umo katika jina, lakini nyumbani yumo Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya kijana. Malezi hayo ya hofu ndiyo yanayomwandalia Rosa maangamizi. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kana kwamba mwandishi ndiye aliyeyatenda aliyoyasimulia.

Tuna lawama moja: vifo vya mwishoni vinafuatana kwa haraka mno. Hata hivyo hatukubaliani na walimu wanaokiruka kikao cha mwisho, Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, kwa kudhani ni nyongeza tu. Hapo ndipo baba, aliyekuwa hakimu nyumbani kwake, anaposimama naye kama mshtakiwa.