Usihesabu Prosesa, Tazama Mkato

Muuzaji wa programu ya kuiga mwenendo wa gridi ya umeme hupenda kuanza na grafu ya kasi: prosesa zinaongezeka, muda unapungua. Muulize kwanza kasi hiyo ameilinganisha na nini. Wengi huendesha programu yao ileile kwenye prosesa moja, ambako ni goigoi, kisha wakajisifu kwamba wameishinda. Mshindani wa haki ni programu bora kabisa iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa moja. Na ukionyeshwa gridi ya majaribio ya New England yenye jenereta 10, shukuru uendelee na safari. Hiyo hata kompyuta ya mezani huimaliza upesi.

Kugawa jenereta si ufundi. Kila mashine ina milinganyo yake, na hukutana na nyingine kwenye nyaya tu. Kazi iko kwenye mtandao wenyewe, ambako volteji ya kituo kimoja inategemea ya vingine vyote. Hapo ndipo hesabu ya mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl ya mwaka 1967 inapouma: ikiwa asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, prosesa 64 hazikupi kasi hata mara 9.

Kwa hiyo mimi hutazama mkato, yaani mahali mtandao unapogawanywa kati ya prosesa. Stadi hukata penye laini ndefu, kama muuza nyama anayejua kiungo kilipo. Chukua laini ya kilovolti 400 inayoleta umeme wa upepo kutoka Loiyangalani hadi Suswa, Kenya. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na wimbi la umeme haliwezi kuushinda mwanga, ambao huenda takriban kilomita 300 kwa milisekunde. Ukiiga kwa hatua za mikrosekunde 50, hatua zisizopungua 26 hupita kabla Suswa haijapata habari za shoti iliyotokea Loiyangalani. Prosesa mbili zinaweza kupiga hesabu kila moja upande wake, na jibu lisibadilike. Mhandisi Hermann Dommel aliingiza ucheleweshaji huo katika hesabu za kompyuta mwaka 1969.

Ukirefusha hatua hadi milisekunde kadhaa, kama inavyofanywa katika kupima uthabiti wa gridi, mwanya huo hutoweka. Sasa kila upande hukisia hali ya mwenzake, na hesabu hurudiwa mpaka wapatane. Si hila mbaya, ila ijaribu kwa ukatili: weka shoti jirani kabisa na mkato. Wauzaji huiweka mbali, katikati ya eneo, ambako marudio ni machache na kila kitu kinapendeza. Karibu na mpaka marudio huongezeka, na faida yote ya prosesa inaweza kuliwa hapo.

Halafu kuna suala la ukweli. Tarehe 10 Agosti 1996 gridi ya magharibi mwa Marekani ilivunjika vipande, na mamilioni ya wateja wakakosa umeme. Wahandisi walipoliiga tukio hilo kwa modeli zilizokuwa zikitumika, kompyuta ilionyesha mitikisiko ya umeme ikitulia. Vipimo vya siku hiyo vilionyesha ikizidi kukua. Prosesa elfu zingefika kwenye kosa lilelile, mapema zaidi. Basi omba mchoro wa programu uwekwe juu ya kumbukumbu za hitilafu halisi, na usiishie kwenye mtikisiko wa kwanza. Angalia sekunde ya kumi na kuendelea, mitikisiko inapotakiwa kufifia.