Takwimu si Data

Katika tafsiri za taarifa za usafiri wa mijini, neno "takwimu" limezoeleka kutumiwa mahali pa "data". Twaona mazoea hayo yafaa yasahihishwe, kwani hasara yake humfikia abiria.

Data ni habari ghafi, kama ilivyoandikwa hapo ilipokusanywa. Takwimu ni matokeo ya kuijumlisha na kuifupisha. Tuseme karani amesimama kituoni akiandika dakika ambayo kila basi limefika. Orodha yake ni data. Akiandika "mabasi 6 kwa saa", hiyo ni takwimu. Mabasi hayo yakifika moja moja kila baada ya dakika 10, abiria ajaye wakati wowote atangoja dakika 5 kwa wastani. Yakiongozana mawili mawili kila baada ya dakika 20, atangoja dakika 10. Takwimu ni ile ile, lakini taabu imekuwa maradufu. Kosa hilo huonekana katika orodha tu. Katika jumla limefichika.

Elimu inayoshughulikia mambo hayo kwa hesabu huitwa na wengine "utafiti wa operesheni". Jina hilo nalo lina walakini. Kwa Mtanzania, operesheni ni upasuaji wa hospitalini, au kampeni kama Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Sisi twapendelea "utafiti wa uendeshaji". Wako watakaodhani ni habari ya udereva. Lakini ofisi, mkutano na shamba pia huendeshwa.

Yadaiwa kwamba "data" ni neno la kigeni. Hoja hiyo ni dhaifu, maana "takwimu" lenyewe tulilipata katika Kiarabu. Kinachotakiwa ni kila neno lipewe kazi yake.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, wananchi waliyaita "mwendokasi". Ni jina zuri, ila abiria aliyeko kituoni hapimi kasi ya basi. Hupima muda wa kungoja. Mtumishi akiandikiwa "leta takwimu", ataleta jumla, naye atakuwa ametii. Akiandikiwa "leta data", ataleta orodha ya karani, na hapo ndipo ratiba yaweza kurekebishwa. Kwa hiyo twawasihi watafsiri na walimu wasiyachanganye maneno haya mawili.