Pumzi Moja Chini ya Bahari ya Ushongo: Hesabu ya Mapafu

Anayezamia pweza kwenye miamba ya Ushongo, wilayani Pangani, bila mtungi wa gesi, hutegemea pumzi moja. Kitakachomshusha na kumrudisha salama ni mgawanyo wa hewa kifuani mwake, nao hupimika.

Mapafu ya mwanamume mzima yakijaa kabisa hubeba takriban lita 6. Akiwa ametulia ndani ya ngalawa, kila pumzi huingiza nusu lita tu. Akizidi kuvuta mpaka mwisho, huongeza kama lita 3.1. Akishatoa pumzi ya kawaida kisha akajikamua, hutoa nyingine kama 1.2. Mafungu hayo matatu, jumla lita 4.8, ndiyo ujazo ambao daktari Mwingereza John Hutchinson alieleza mwaka 1846 namna ya kuupima kwa chombo chake cha kupulizia. Chombo hicho hakigusi fungu la nne: lita 1.2 isiyotoka hata mtu ajikamue vipi. Siku hizi hupimwa kwa kumvutisha mtu heliamu ya kiasi kinachojulikana, kisha kuangalia imechujuka kwa kadiri gani.

Fungu hilo la nne ndilo lenye uzito kwa mzamiaji. Mita 10 chini, shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji, na lita 6 hubanwa kuwa 3. Mita 20 hubaki 2. Mita 40 hubaki 1.2, sawasawa na hewa isiyotoka. Kwa hesabu hiyo tupu, kifua kingepaswa kuumia kikishuka zaidi. Lakini mwaka 1976 Mfaransa Jacques Mayol alifika mita 100 katika kisiwa cha Elba. Kilichomwokoa ni damu: hukimbia kutoka mikononi na miguuni, ikajaza mishipa ya mapafu na kushika nafasi iliyoachwa na hewa.

Anayezama mara tu baada ya kutoa pumzi ya kawaida ana lita 2.4 pekee, hivyo hufikia kiwango hicho cha 1.2 kwenye mita 10 tu. Kwa hiyo kujaza kifua kabla ya kuzama ni lazima.

Ila kujaza si kuhema harakaharaka. Damu ya mtu mzima wa afya tayari imekaribia kushiba oksijeni. Kuhema hivyo hufukuza kabonidayoksaidi, gesi inayomwamuru mtu apumue. Onyo likichelewa, oksijeni huisha kimyakimya. Naye anapopanda, shinikizo hushuka, oksijeni iliyobaki mapafuni hupungua nguvu ghafla, na mzamiaji hodari huzirai akiwa karibu kabisa na uso wa maji.

Kwa hiyo nawasihi wazamiaji wetu: pumueni polepole, vuteni pumzi moja kamili, na mmoja akizama mwenzake abaki juu akimtazama mpaka aibuke na kupumua. Hodari aliyezirai hawezi kujiokoa.