Nyembe Mbili na Kioo Cheusi

Usiku usio na mwezi, ziwa mbele ya Mbita hujaa taa za wavuvi wa omena. Nuru ya taa hii huikuta ya ile juu ya maji, lakini mistari ya giza ya mwingiliano wa mawimbi haionekani, kwa kuwa kila taa hutoa mawimbi yake kivyake. Ili mwingiliano uonekane, nuru lazima iwe moja iliyogawanywa. Thomas Young, daktari Mwingereza, alilitambua hilo. Katika jaribio lake la 1803 hakutumia hata ile mianya miwili ya vitabuni: alisimamisha kadi nyembamba katikati ya mwale wa jua.

Mgawo huo ndio ufundi ninaousifu. Kidato cha tatu huuona kama mchoro kitabuni. Lakini mwalimu wa Kisumu aweza kununua kipande cha kioo sokoni Kibuye, akakipitisha juu ya koroboi hadi kiwe cheusi tii kwa masizi, kisha akabana nyembe mbili pamoja na kuzivuta mara moja tu juu ya masizi, zichore mianya miwili. (Nyembe zenye kutu hazifai kabisa.) Unene wa wembe, kama milimita 0.1, ndio unaoitenga mianya. Leza nyekundu ikipita hapo, ukuta ulio umbali wa mita 2 hupata mistari iliyoachana sentimita moja na ushei.

Wengi huchanganya mambo mawili hapa. Nafasi kati ya mianya ndiyo huamua mistari ikaribiane au iachane. Upana wa kila mwanya una kazi nyingine: ukiwa mwembamba, nuru hutanda na mistari huwa mingi, ingawa hafifu; ukipanuka, mistari hubaki michache, katikati tu. Mkono ukitetemeka, ukuta utasema.

Sasa funika kila mwanya kwa kichujio chake cha polaroidi, moja wima, nyingine mlalo. Kuzikutanisha kwenye kile kijinafasi kunataka subira. Mistari hutoweka! Nuru imebeba alama ya njia yake, hata kama hakuna aliyeisoma. Ongeza polaroidi ya tatu kati ya mianya na ukuta, iliyoinamishwa nyuzi 45: alama hufutika, mistari hurudi. Alama isiyo kamili huififisha tu mistari, na mizani hiyo kati ya alama na mistari mwanafizikia Berthold-Georg Englert aliiandika kwa hesabu mwaka 1996.

Mwalimu, usingoje maabara mpya. Kioo, koroboi na nyembe vyatosha kuanzia. Ila leza isielekezwe machoni mwa mtoto.