Nyama ya Upepo: Mapishi ya Visiwa vya Faroe

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inapata mtihani wake katika Visiwa vya Faroe, visiwa 18 vya bahari ya kaskazini vilivyo katika ufalme wa Denmark. Chakula cha huko hakikuanzia jikoni. Kilianzia kwenye upepo. Chumvi ilikuwa adimu, na visiwa karibu havina miti ya kuni. Wenyeji wakatundika kondoo na samaki ndani ya hjallur, banda ambalo mbao za kuta zake zimeachiana nafasi ili hewa ya bahari ipite. Humo nyama haikauki tu, bali pia huvunda kwa kiasi. Katika hatua ya kati, yenye harufu kali, huitwa ræst. Ikikaa hata miezi tisa huwa skerpikjøt, nayo huliwa bila kupikwa. Aliyelelewa na harufu ya papa mkavu hatastaajabu: kinachomkimbiza mgeni mlangoni ndicho kinachomrudisha mwenyeji nyumbani.

Mwaka 2004 wapishi 12 wa nchi za kaskazini, Leif Sørensen wa Faroe akiwamo, walitia saini azimio la kuvienzi vyakula vya kwao. Mwaka 2011 ulifunguliwa mkahawa wa KOKS, Sørensen akiwa mpishi wake wa mwanzo. Chini ya Poul Andrias Ziska ukatunukiwa nyota ya Michelin mwaka 2017, na ya pili mwaka 2019. Chakula cha nyumbani kikapata heshima ugenini. Hilo halina budi kusifiwa, kwani KOKS haukuona haya kumwandalia mgeni ule uvundo wenyewe.

Hata hivyo, sifa hiyo ina kasoro yake. Ræst ni mlo wa kushibisha. Mkahawani imekuwa tonge moja katika msururu mrefu wa vitonge, mfano wa mshororo uliong'olewa katika ubeti wake. Mizani na vina vimesalimika, lakini maana imebaki nyuma. Ushahidi ulikuja mwaka 2022 na 2023, KOKS ulipohamia Ilimanaq, kijiji kidogo cha Greenland. Ustadi wa mpishi ulisafiri, ukatumia mazao ya huko. Hjallur na upepo wake vilibaki Faroe.

Pana njia nyingine, heimablídni, yaani ukarimu wa nyumbani: familia humpokea mgeni mezani pake, kwa malipo, ikamlisha ilacho yenyewe. Hapo pia fedha hupita mkononi. Lakini anayepika ndiye anayekula, na mgeni hujifunza ladha kwa kuwatazama wenyeji wakitafuna. Nyota za mkahawa zimewaonyesha walimwengu njia ya kufika Faroe. Meza ya nyumbani ndiyo inayoihifadhi ladha. Mwenyeji hajapona kwa sababu mgeni amesifu. Atapona siku mwanawe mwenyewe atakapoomba aongezwe.