Kidaka, Kitale, Gamhnach

Mtu wa pwani hatazami mnazi akasema "nazi" tu, akanyamaza. Ataje kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Kila jina ni uamuzi: hili liache, hili liangue. Katika msamiati wa mifugo wa Kiairishi nimelikuta jicho lilelile, ila huko limeelekezwa zizini.

Kondoo ni caora, mwanawe ni uan, dume ni reithe. Dume aliyehasiwa ni molt, neno la ukoo mmoja na mouton la Wafaransa. Jike mchanga, ambaye sisi tungemwita mfarika, ni fóisc. Ukilichambua hadi umbo lake la kale, unakuta limeunganisha kondoo na ukavu: hajazaa, hana maziwa. Mchungaji akilitamka, amekwisha kukueleza umri, jinsia na hali ya kiwele.

Lakini ufundi hasa uko kwa ng'ombe. Ndama anayenyonya ni lao, na kwa jina hilohilo watu humbembeleza mtoto wao. Akivuka majira ya baridi, zamani aliitwa gamhain, neno lililotokana na jina la kale la baridi yenyewe. Siku hizi ni ndama yeyote. Kutokana na gamhain ndipo linapozaliwa jina ninalolipenda kuliko yote, gamhnach: ng'ombe aliyezaa mwaka jana, mwaka huu hakushika mimba, na bado anakamuliwa. Wenzake wenye mimba wakikauka, huyu angali anatia kitu ndooni. Jina kama hilo halitungwi mezani. Limetoka kwa mtu aliyeinama chini ya ng'ombe alfajiri baada ya alfajiri, vidole vikimwambia maziwa yamepungua kiasi gani.

Hata barabara, bóthar, imetokana na bó, ng'ombe. Kamusi ya kale inayonasibishwa na Cormac mac Cuilennáin, mfalme na askofu wa Munster huko Ireland aliyefariki mwaka 908, inapima upana wake kwa ng'ombe wawili: mmoja amenyooka na njia, mwingine amekingama. Aliyeweka kipimo hicho alikuwa amewahi kuswaga ng'ombe. Alijua kwamba hakosekani mmoja wa kusimama kingamo katikati ya njia, na kwamba fimbo haimharakishi.